Kipimo Nilichopunguziwa

Shuka zangu zilikuwa nne. Nazitaja kwanza kwa sababu ugonjwa huu hauanzii hospitali, unaanzia kwenye shuka. Mbili zilikuwa za maua, moja ya kijani, na moja niliyopewa siku ya harusi yangu, ambayo nilikuwa nimeapa haitaguswa mpaka binti yangu Qabale aolewe. Kufikia mwezi wa pili wa jasho, ile ya harusi nayo ilikuwa kazini.

Naandika nikiwa nimepona, au tuseme nimepona kiasi cha kulalia shuka moja wiki nzima. Namwandikia yule anayeamka saa nane usiku akiwa ameloa chapachapa, anajipapasa kujua kama ni mkojo, anakuta si mkojo, na hajui ashukuru au alie. Mimi si daktari. Nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Nitakueleza nilikopita, basi.

Maziwa yetu yanatoka upande wa Kulamawe. Mume wangu, Galgalo, anakaa huko na ngamia, na mimi nakaa mtaa wa Wabera na Qabale kwenye ploti yenye nyumba sita na kamba moja ya kuanikia nguo. Asubuhi gari linashusha mitungi, sisi wanawake tunaipokea, tunaikagua, na kabla ya adhuhuri iwe imepanda basi la Nairobi. Kikundi chetu kina wanawake tisa, na kila mmoja ana kazi yake. Mimi ndiye ulimi. Namimina kidogo kwenye kifuniko cha mtungi, naonja, nasema: haya safi, haya yameongezwa maji, mtungi huu haukufukizwa moshi vizuri, haya ni ya jana yamechanganywa na ya leo. Mitungi arobaini kwa siku, na naihesabu mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja ili dereva aone nahesabu. Kwa miaka kumi na minane nikisema kuna maji, mwenye maziwa haapi. Anatazama tu chini.

Sasa fikiria soko lijue kwamba ulimi wenyewe ni mgonjwa, na haujulikani unaumwa nini. Nani atakunywa maziwa yaliyopita kwangu? Ndiyo sababu nilinyamaza. Watu wananiuliza kwa nini sikusema mapema, na jibu ni hilo. Nilikuwa nalinda kifuniko changu.

Jasho lilianza kiangazi, na kiangazi cha Isiolo hata ukuta unatoka jasho, kwa hiyo sikushtuka. Nikafungua dirisha. Nikaondoa blanketi. Halafu mvua za ganna, yaani masika, zikaja, baridi ikaingia, Qabale akajifunika mpaka kichwa, na mimi nikaendelea kuloa kama bado ni kiangazi. Hapo nikajua hili joto ni langu peke yangu.

Kamba ile moja ya nguo ndiyo iliyonitesa zaidi. Kwenye ploti yetu kamba ni gazeti. Mtu akianika nguo za mtoto mchanga, tunajua. Akianika suruali ya mwanamume na hana mume, tunajua hata zaidi. Mimi nilianika shuka Jumatatu, nikaanika Jumanne, Jumatano nikamwona jirani amesimama na beseni lake, anatazama shuka zangu kama anayesoma. Siku hiyo nikafunga kamba yangu mwenyewe ndani ya nyumba, kutoka kwenye msumari wa mlango hadi kabatini. Qabale alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Alisomea chini ya shuka mbichi, na akitaka kwenda jikoni alizipasua kwa mikono kama anayeingia hemani. Siku moja aliniuliza, bila kuinua macho kwenye kitabu, kama naenda kufa. Nikamwambia nikifa nitamwambia mapema anunue shuka. Hakucheka. Nilikaa na ule mzaha mdomoni siku nzima, ukaniwia mchungu.

Kila mtu niliyemdokezea alikuwa na sababu yake, na wote walikuwa na uhakika. Jirani wa beseni alisema ni umri, kwamba miaka arobaini na saba mwanamke hujipikia mwenyewe kwa ndani. Mwenye kemisti alisema ni taifodi. Alinitibu taifodi mara tatu. Sijui kama hiyo taifodi ilikuwa na habari kwamba ninayo. Habiba, mwenzangu wa karibu pale sokoni, tumekaa mtungi kwa mtungi miaka yote hiyo, alisema kuna mtu amenitupia jicho kwa sababu ya ulimi wangu, nivae kitu shingoni. Sikuvaa, lakini nilianza kuwatazama wateja machoni zaidi kuliko ilivyo adabu.

Ramadhani ilinikuta hivyo. Nilifunga siku sita, ya saba nikaanguka karibu na bomba la maji. Baada ya hapo nilikula kwa kujificha, nyuma ya shuka, na nje nikatembea nikiwa na midomo mikavu kama mfungaji. Hakuna upweke kama huo, kudanganya watu mchana na kuloa peke yako usiku.

Galgalo huja mjini mwisho wa mwezi, analala siku tano, anarudi kwa ngamia. Safari ile nilikuwa nimejipanga. Usiku wa kwanza nilingoja akorome, nikateremka kitandani polepole, nikatandika mkeka karibu na mlango. Hesabu yangu ilikuwa hivi: akinigusa nimeloa ataniuliza, na akiniuliza sina jibu. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu hakungoja niteremke. Alichukua mto wake akasema ndani kuna joto, akaenda kulala barazani, na mvua inanyesha. Asubuhi akaniambia kuna ngamia yuko karibu kuzaa, akaondoka siku mbili kabla ya siku zake. Ngamia wale nawajua kwa majina. Niliwahesabu wenye mimba kichwani, nikawahesabu tena. Hakuna aliyekuwa karibu kuzaa.

Wiki hiyo ndiyo nikaenda hospitali.

Ukifika asubuhi unakuta benchi limejaa, kwa hiyo unahesabu walio mbele yako. Nilipata thelathini na mmoja. Nikahesabu tena, nikapata thelathini na watatu. Wawili walikuwa wameenda chooni. Benchi la hospitali lina tabia yake. Mkianza mnaachiana nafasi, kufikia saa nne mnaegemeana, kufikia saa sita mnajua ugonjwa wa kila mmoja isipokuwa wako. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja Mturkana kutoka mtaa wa Kiwanjani. Yeye alisema wazi wazi: jasho la usiku, kikohozi, makohozi yamepimwa, ni kifua kikuu, yuko mwezi wa tatu wa dawa na ameanza kunenepa. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya sukari. Nilimwonea wivu. Jasho lake lilikuwa na jina.

Daktari alikuwa kijana, ana macho ya mtu ambaye hajalala. Aliniuliza kama nakohoa. Sikohoi. Nimepungua? Nilimwonyesha dera langu, likinizunguka mara mbili. Viungo vinauma? Nyonga, na mgongo chini. Kisha akauliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikasema hapana. Akaandika vipimo vitano kwenye karatasi, makohozi, picha ya kifua, damu, kile cha ugonjwa ambao watu hawautaji kwa jina, na cha mwisho sikuweza kukisoma.

Sasa, mimi sijawahi kupokea orodha ya vitu vitano na kuilipia yote. Sikuzaliwa hivyo. Niliipitia kwa kidole, mara mbili, nikaweka kidole kwenye cha mwisho.

“Daktari, hiki cha tano ni cha nini?”

“Brusela. Ile ya maziwa mabichi na mifugo.”

“Si nimekwambia sinywi? Kwangu maziwa yanachemka mpaka yanamwagika. Hiki toa.”

Akanitazama, akatazama mlango, ambako foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. “Una uhakika, mama?”

“Kama sina uhakika ningebishana na wewe?”

Akakikata kwa kalamu. Nilitoka pale nikijisikia vizuri kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Katika maisha yangu yote sijawahi kupunguziwa kitu kwa urahisi namna ile, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Mtu akikukubalia bei ya kwanza, rudi ukague mzigo. Nawafundisha wasichana wa soko hivyo kila siku.

Vipimo vinne vilirudi, vyote safi. Hata kile kisichotajwa. Daktari aliniambia kwa furaha kwamba sina kitu. Nilimshukuru, nikakunja karatasi, nikaketi tena kwenye lile benchi nje, ingawa sikuwa na zamu. Kuambiwa huna kitu, na wewe umepungua mpaka pete inatoka yenyewe, ni kama kufukuzwa kwenye nyumba ambayo hukuingia. Nilikuwa hata nimejiandaa kwa kifua kikuu. Nilikuwa nimeshapanga nitamwambia Qabale vipi.

Miezi mitatu iliyofuata siipendi. Kiangazi kikarudi. Nyonga iliuma hadi nikawa nashuka kwenye kiti kwa awamu. Jasho langu lilikuwa na harufu ya majani yaliyolala na maji, na mimi, mtu wa pua na ulimi, nilikuwa wa kwanza kuisikia na wa mwisho kuizoea. Sokoni niliongeza udi kwenye nguo. Habiba akaanza kuweka mitungi yake hatua moja mbali na yangu. Kesho yake hatua mbili. Najua kwa sababu nilipima kwa miguu, kwenda na kurudi. Hakusema neno baya. Aliniletea chai kama kawaida, ila yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati kilichokuwa na alama ya msumari kitakoni, na nikaona kila siku ni kikombe hicho hicho.

Ningemwambia nini? Kwamba sina kitu?

Aliyeniokoa alikuja kununua maziwa. Sista Nkatha, Mmeru, anafanya kazi chumba cha sindano pale hospitali. Alikuwa amenidunga mara kadhaa miaka ya nyuma, kwa hiyo aliujua mkono wangu ulivyokuwa zamani na ulivyokuwa sasa. Asubuhi hiyo alisimama na chupa yake akingoja nimalize kazi. Nikafungua mtungi, nikamimina kwenye kifuniko, nikaonja. Nikafungua mwingine.

“Mama Qabale,” akasema, “kwani unafanya nini?”

“Naonja.”

“Kila siku?”

“Isipokuwa gari lisipokuja.”

“Mitungi mingapi?”

“Arobaini. Jana arobaini na miwili.”

“Na unatema?”

“Nikitema nitajuaje? Maji yanajulikana kooni, hayajulikani mdomoni.”

Aliweka chupa yake chini taratibu. Akaniuliza nilimjibu nini daktari kuhusu maziwa mabichi. Nikamwambia nilimjibu ukweli, kwamba sinywi. Akabaki ananiangalia, na mimi bado nimeshika kifuniko, na midomo yangu, naamini, ilikuwa nyeupe.

“Hii si kunywa, sista,” nikamwambia. “Hii ni kazi.”

“Mama, huyo mdudu hajui kama uko kazini.”

Sikudanganya, nataka hilo lieleweke. Kwetu kunywa ni kukaa chini, ushike kikombe, pengine na mtu wa kuongea naye. Nyumbani kwangu hakuna aliyekunywa maziwa mabichi toka Qabale alipokuwa mdogo, kwa sababu brusela sote tunaijua. Tunawaonya hata wageni. Lakini kifuniko? Kifuniko kilikuwa kama kalamu kwa karani. Wanawake wote tunaofanya kazi hii wangejibu kama mimi, na wangekuwa tayari kuapa.

Baada ya yeye kuondoka nilijaza kifuniko maji, nikamimina kwenye kikombe, nikahesabu. Vifuniko arobaini vilijaza vikombe vitatu na zaidi. Nikarudia, kwa sababu sikutaka kuamini. Vitatu na zaidi. Kila asubuhi, miaka kumi na minane.

Kipimo cha tano nilikilipia kesho yake bila kufungua mdomo. Kilikuwa brusela.

Daktari yule yule aliniambia dawa ni wiki sita, na sindano za mwanzo juu yake. Nikamwomba wiki nne. Hapo hakunipunguzia. Alisema ningeacha katikati ingerudi, na akasema kwa sauti ya mtu aliyewahi kukubaliana na mimi mara moja na akajifunza. Vidonge nilivihesabu kwenye dirisha la dawa, nikavihesabu tena kwenye benchi, nikakuta kimoja hakipo, nikarudi nikapewa. Kama uko kwenye dawa hizi, vihesabu. Na usishtuke: moja kati yake inageuza mkojo rangi ya soda ya machungwa, jasho pia. Shuka ya harusi ilipata madoa ambayo hayajatoka mpaka leo. Tumbo langu lilikataa chakula wiki mbili nzima, na Qabale alijifunza kupika uji mwepesi kiasi cha kupita kwenye chujio.

Wiki ya tatu niliamka saa nane, kwa mazoea, nikajipapasa. Nilikuwa mkavu. Nikakaa kitandani nikilingoja jasho, kama unavyongoja gari ambalo halijawahi kukosa kuja. Adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimekaa.

Galgalo nilimwambia kwa simu. Akasema nimngoje. Siku iliyofuata akashuka na gari la maziwa, amekaa juu ya mitungi. Nilimweleza yote, mkeka, shuka, saa nane. Alisikiliza akitazama mikono yake.

“Nilijua unashuka kitandani,” akasema. “Usiku wa kwanza nilijua. Nilidhani umenichoka.”

“Na yule ngamia wa kuzaa?”

“Hakukuwa na ngamia.”

“Najua. Niliwahesabu.”

Usiku ule alilala upande wa ukuta na mimi upande wa mlango, kitanda kimoja. Kama uko na mtu ndani ya nyumba, mwambie, hata kama huna jina la ugonjwa. Mimi nilifikiri namficha jasho, kumbe yeye alikuwa anahesabu usiku ambao sipo.

Sokoni haikwenda vizuri hivyo. Niliporudi kazini nilibeba jiko dogo na sufuria ya kikombe kimoja. Kutoka kila mtungi nachota kidogo, nachemsha, napoza, ndipo naonja. Niliwaeleza wenzangu kisa chote nikiwa nimesimama, wote wanane. Walisikiliza mpaka mwisho, halafu mmoja akaniuliza kama nataka kuwaulia soko, watu wa Nairobi wakisikia maziwa ya Isiolo yana ugonjwa. Nikamwambia watu wa Nairobi wanachemsha. Sisi ndio hatuchemshi. Akasonya. Wakaniita mama jiko. Dereva wa basi akapiga honi kila siku, maana kazi ya nusu saa imekuwa ya saa moja na nusu.

Na ulimi wenyewe ulipotea. Maziwa yaliyochemshwa ni lugha nyingine. Wiki ya pili nilipitisha mitungi miwili yenye maji, ikafika Nairobi, simu ikapigwa. Kwa miaka kumi na minane sijawahi kupigiwa simu hiyo. Kikundi kikampa mwingine kazi ya kuonja, kwa kifuniko, kama zamani, na mimi nikawa wa kufunga mitungi kamba. Bado nachemsha pembeni, mitungi michache, najifunza upya. Siku hizi kati ya kumi nakosea mmoja. Nimehesabu.

Huo ndio ulimi nilioulinda kwa kunyamaza mwaka mzima. Uliondoka hata hivyo, na mimi nikiwa nimeshalipa kwa mengine.

Jasho lako laweza lisiwe la maziwa. Yule mama wa Kiwanjani lake lilikuwa la kifua, amemaliza dawa na juzi alinipita akiwa amebeba mtungi wa maji begani, hata hakuhema. La mwingine huenda ni umri kweli. Ninachokuambia ni kidogo tu: daktari akikuuliza swali, usimjibu swali. Msimulie siku yako, toka unapoamka, kila kinachoingia mdomoni na kwa nini. Na kama wewe ni mtu wa kupunguza bei kama mimi, punguza nyanya.

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga mitungi, nimewapa wengine mgongo. Habiba akaja. Yeye ndiye waliyempa kifuniko changu. Alisimama nyuma yangu, nikafikiri anataka kamba. Nilipogeuka nikaona amejitanda leso mbili, moja juu ya nyingine, na jua lilikuwa kali.

“Mama Qabale,” akasema, kwa sauti ya chini sana. “Hilo jasho lako lilikuwa linaanza saa ngapi?”

“Saa nane.”

Akatazama upande wa barabara. “Langu saa tisa.”

Nilisogeza mitungi yangu, akaketi. Nikammiminia chai kwenye kikombe changu, nikampa. Tulikuwa wawili. Nikahesabu tena. Wawili.